Fundi, Askari, Mwimbaji: Fundi Konde na Pengo katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

UTANGULIZI

Katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba: askari wa Keya, mpiganaji wa Kiarabu, na mchukuzi wa mizigo. Zilisimikwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yaliyo chini yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamwahidi mpiganaji kuwa hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa mahali ambapo hakuna jina hata moja lililochongwa. Mpita njia anaambiwa akumbuke jina, wala hapewi jina la kukumbuka.

Makala haya yanamhusu mtu wa kizazi kilichofuata, ambaye jina lake limesalia. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 huko Mwabayanyundo, katika nchi ya Wamijikenda, pwani ya Kenya. Akafariki mwaka 2000. Katika miaka hiyo 76 alikuwa mwanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, mpiga gitaa, mwimbaji, na mtunzi aliyerekodi nyimbo za Kiswahili zilizosikika kote Afrika Mashariki. Hata hivyo, msomaji atakayepekua vitabu vya historia ya ushairi wa Kiswahili kumtafuta hatamkuta kwa urahisi. Yumo katika historia ya muziki. Katika historia ya fasihi amebaki mlangoni.

Dai la makala haya ni kwamba kutokuwamo huko si jambo la bahati mbaya. Kunatokana na namna wahakiki wa Kiswahili walivyoigawa kazi ya maneno: shairi lililoandikwa likapewa kiti, wimbo wa jadi ukapewa mkeka, na wimbo wa gitaa ukaachwa nje na santuri zake. Kumkumbuka Konde, kwa hiyo, ni pia kuuliza swali juu ya mipaka ya taaluma yenyewe.

KUTOKA PWANI HADI BURMA

Uhusiano wa watu wa pwani na jeshi la kikoloni haukuanza kwa hiari. Miaka kumi tu kabla ya Konde kuzaliwa, Wagiriama walikuwa wamepinga kodi, kazi ya kulazimishwa na uandikishaji wa wapagazi, na upinzani huo wa 1913 na 1914 umehifadhiwa katika kumbukumbu ya taifa kupitia jina la Mekatilili wa Menza. Waliochukuliwa kubeba mizigo ya Vita vya Kwanza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Majina ya mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, ndiyo makaburi yao ya lugha: jina la kikosi cha wachukuzi lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili mpaka likawa la wenyewe.

Muziki nao ulikuwa umekwisha kupita katika jeshi. Ngoma ya beni iliyozuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilichukua tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi, ikavigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Kupitia askari na wachukuzi ikasambaa hadi bara, ambako vyama vya Marini na Arinoti viligawa miji ya Tanganyika. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha kuwa beni haikuwa uigaji mtupu. Wachezaji waliazima sare ya mtawala ili wajipangie heshima yao wenyewe. Alipozaliwa Konde, njia kati ya kambi na uwanja wa ngoma ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Vita vya Pili viliipanua njia hiyo kupita kiasi. Karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945. Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki kilipata mafunzo Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, kisha mwaka 1944 kikapelekwa Burma, ambako kiliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi kufika Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Hata kufika huko kulikuwa vita. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu karibu 1,300 walikufa kwa muda wa dakika chache, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Konde alikuwa miongoni mwa waliopelekwa upande huo wa dunia, katika kikosi cha burudani cha Keya. Ni rahisi kuidharau kazi hiyo, kana kwamba mwenye gitaa hakuwa vitani. Lakini jeshi halikuwalisha wanamuziki kwa hisani. Lilijua kuwa mtu aliyetolewa kwao, akawekwa miezi katika msitu wa mvua kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wake, huhitaji kitu cha kumrudishia nafsi yake. Katika kikosi hicho walikutana vijana wa Kenya na Uganda, wakiwa na magitaa, mandolini na akodiani, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Vita vilipomalizika, baadhi ya wanamuziki hao walibaki pamoja kwa jina la Rhino Boys. Walianzia Uganda, wakapitia Mombasa, wakatua Nairobi mwaka 1948. Muziki wa dansi wa Kiswahili nchini Kenya una deni kubwa kwa kambi hizo.

FUNDI NA MWANAFUNZI

Jina la msanii huyu linamkaribisha mhakiki wa lugha. Fundi ni mwenye ujuzi wa kazi: wa mbao, wa cherehani, wa saa, wa magari. Neno hilo limetokana na kitenzi funda, ambacho pia kimezaa mwanafunzi na mafunzo. Kwa hiyo lugha yenyewe inamtazama fundi kuwa ni mtu aliyefundwa na anayeweza kufunda. Mtu aliyejifunza mwenyewe huziunganisha pande mbili za kitenzi hicho, kwa kuwa amekuwa mwanafunzi wa mkono wake.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwa ya wapiga gitaa wengi wa kizazi cha Konde. Hawakuwa na chuo cha kuwapokea. Shule zao zilikuwa kwaya na bendi za misheni, bendi za jeshi, na juu ya yote santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika mfululizo wa santuri za muziki wa Kuba uliojulikana kwa herufi GV, na kijana mwenye sikio jepesi aliweza kuurudia upande mmoja wa santuri mara ishirini mpaka vidole vikaelewa. Upigaji wa Konde, wenye mshikamano laini wa nyuzi na mwendo wa rumba na dansi za ukumbini, ulitofautiana na mtindo wa gitaa kavu la vidole viwili uliokuja kusifika magharibi mwa Kenya. Tena, anatajwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza wa gitaa la umeme nchini.

Kujifunza kwa namna hiyo hakupaswi kutukuzwa kana kwamba ni kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni. Kilikuwa kibarua. Mwanamuziki wa miaka ya 1940 na 1950 aliishi kama mafundi wengine wa mjini: alitegemea zana yake, alikubaliana bei ya kazi, na alimaliza kazi kwa wakati aliopewa. Aliporudi kutoka vitani hakungojewa na shamba. Serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwapa makazi na ardhi maaskari wa Kizungu waliotaka kulima katika nyanda za juu, ilhali mwenzao Mwafrika alirudishiwa kipande na kuambiwa arudi kwao. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, na Bildad Kaggia, aliyefika Mashariki ya Kati na Uingereza, waliandika baadaye jinsi vita vilivyowafumbua macho. Wao walichukua njia ya siasa. Wengine walichukua njia ya ufundi, wakaitafuta heshima katika kazi ya mikono. Njia hizi mbili hutajwa mara chache pamoja, ingawa zilianzia kambi moja.

DAKIKA TATU ZA SANTURI

Kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na katikati ya miaka ya 1950 Konde alirekodi nyimbo ambazo ndizo msingi wa sifa yake: ‘Mama Sowera’, ‘Tausi’, ‘Jambo Sigara’, ‘Majengo Siendi Tena’, ‘Kipenzi Waniua’ na ‘Ajali Haikingiki’. Umbo la nyimbo hizi liliamuliwa kwa sehemu na chombo. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba takribani dakika tatu tu. Ndani ya kipimo hicho mtunzi alipaswa kuingiza utangulizi wa gitaa, beti chache, kibwagizo, na nafasi ya ala kusema peke yake.

Mhakiki aliyezoea tenzi ataona ufinyu. Lakini kipimo ni sheria kama sheria nyingine. Mtunzi wa shairi la tarbia hufungwa na mishororo minne na mizani kumi na sita, na hakuna anayemhurumia. Husifiwa kwa alichokitoshea humo. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilicholea vizazi vya washairi na walimu. Humo alishikilia kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa kuimbwa, na kwamba kisichoimbika kimekosa sharti la msingi. Wakati huohuo, katika studio za Nairobi, watunzi wa gitaa walikuwa wakitunga kwa Kiswahili maneno yaliyoimbwa na maelfu. Kwa sharti la Abedi walistahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Wasimamizi wa sheria hawakuwasikiliza, na wanamapinduzi wa mashairi huru walioibuka baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 hawakuwasikiliza pia. Pande zote mbili zilibishana juu ya ukurasa.

Anwani za nyimbo zenyewe zaonyesha kuwa kuna la kusomwa. ‘Tausi’ inachukua ndege ambaye ushairi wa mapenzi wa pwani umemtumia tangu zamani kuwa sitiari ya uzuri, na kumpeleka kwenye ukumbi wa dansi. ‘Jambo Sigara’ inaiweka bidhaa ya dukani kwenye kichwa cha wimbo, na kwa hilo peke yake inatangaza kuzaliwa kwa mji wa fedha na matangazo. ‘Majengo Siendi Tena’ ni kiapo kizima ndani ya maneno matatu. Majengo, ya Mombasa na ya Nairobi, ilikuwa mitaa ya Waafrika ambamo mhamiaji alipata chumba, pombe, wapenzi na wenzake. Kitenzi ‘siendi’ kinakataa, na ‘tena’ inakiri kuwa alikuwa akienda. Katika neno hilo moja dogo mna hadithi yote ya kabla, na msikilizaji anaachiwa aijaze mwenyewe. Ufupisho wa namna hiyo, ukikutwa katika diwani, huitwa ufundi wa kishairi.

Anwani yenye uzito kuliko zote ni ‘Ajali Haikingiki’. Katika Kiswahili cha wazee, kwa kufuata asili yake ya Kiarabu, ajali ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Katika Kiswahili cha leo ajali ni gari lililopinduka. Maana ya kwanza inamhusu Muumba. Ya pili inamhusu dereva. Kizazi cha Konde kilisimama kati ya maana hizi mbili, kwani kilisafiri kwa lori, garimoshi na meli kuliko kizazi chochote kilichotangulia. Kitenzi nacho kina kazi: kukinga ni kuweka kitu mbele ya hatari, kama ngao mbele ya mshale au kiganja mbele ya jua. Kauli ya kutendeka iliyokanushwa, ‘haikingiki’, haimlaumu mtu kwa kutokinga. Yasema jambo lenyewe halina kinga. Msikilizaji anayejua kuwa mtunzi alitoka vitani hawezi kuisikia kauli hiyo kama methali ya kawaida tu, hata kama wimbo hautaji bunduki.

KIMYA CHA ASKARI

Hapa ndipo swali gumu linapozuka. Kwa nini anwani za nyimbo zake maarufu hazitaji vita kabisa? Fasihi ya Kiswahili ina jadi ndefu ya kusimulia vita. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Majimaji. Vita vya Pili navyo vilipata utenzi wake: Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Shaaban Robert hakwenda vitani. Alikuwa karani wa serikali Tanganyika. Basi aliyebaki ndiye aliyetunga beti 3,000 juu ya vita, na aliyekwenda akarudi na nyimbo za kipenzi, sigara na Majengo.

Mtu aweza kueleza jambo hili kwa haraka, kwamba Shaaban Robert alikuwa mwanafalsafa na Konde mtumbuizaji. Maelezo hayo hayatoshi. Utenzi ulihitaji habari, na habari za vita ziliwafikia wasomaji kupitia redio na magazeti ya serikali. Hivyo mshairi aliviona vita kama dunia nzima, mahali ambapo haki inapambana na dhuluma. Askari wa kawaida hakuviona hivyo. Alikiona kipande chake cha matope, na aliporudi hadhira yake ilijumuisha wenzake waliokuwa wameyaona matope yaleyale. Hawakuhitaji kuelezwa Burma. Walihitaji kuthibitishiwa kuwa bado wapo, kwamba bado wanaweza kupenda, kukosea, kuapa na kucheka. Wimbo wa dansi haukuvisahau vita. Ulikuwa jibu la watu waliookoka.

Tena pana jambo la lugha. Kiswahili cha jeshini, kilichobezwa kwa jina la Kikeya, kilihesabiwa na wasomi wa pwani kuwa lugha iliyovunjika. Hata hivyo ndicho kilichowafundisha vijana kutoka Nyanza, Ukambani na Buganda kusemezana. Mtunzi aliyetoka kwa Wamijikenda, jirani wa Waswahili, alikuwa mahali pazuri pa kuunganisha pande mbili hizo: alikuwa na tausi na ajali za ushairi wa pwani, na alikuwa na hadhira isiyojua lahaja ya Kimvita. Wepesi wa maneno yake, ambao mhakiki wa haraka huudhani kuwa umaskini, ulikuwa uamuzi wa kumfikia kila mtu aliyekaa kwenye benchi. Historia ya kuenea kwa Kiswahili nchini Kenya haitakamilika ikiwataja wamisionari na kamati za lugha na kumwacha mpiga gitaa.

HITIMISHO

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka masomo ya fasihi yaanzie Afrika, na fasihi simulizi iwe kitovu chake. Hoja hiyo ilishinda kwa kiasi kikubwa, na wimbo wa jando, wa mazishi na wa kazi ukaingia darasani. Lakini fasihi simulizi iliyokubaliwa ilikuwa ya kijijini, isiyo na jina la mtunzi. Wimbo wa gitaa ulikuwa na jina, tarehe na namba ya santuri, nao ukaonekana wa kisasa mno kuwa wa jadi, na wa mdomo mno kuwa wa maandishi. Konde aliangukia katika ufa huo.

Waliomwokoa hawakuwa wanafasihi. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilikusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 katika sahani moja, mtunzi akiwa bado hai akiwa na miaka 70. Ni jambo la kushukuru, na ni jambo la kuaibisha pia. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa Konde tuzo hilo la kukusanywa na kuhifadhiwa lilitoka ng'ambo, kutoka katika mji mkuu wa dola ileile iliyompeleka Burma. Sheria ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, yaani maneno na tuni zake vitakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2050. Sheria yaweza kumlinda mwenye mali. Haiwezi kumlazimisha mtu asikilize.

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili, na yaweza kuanza kwa hatua za kawaida: kunakili maneno ya nyimbo hizi kwa uangalifu, kuyahariri kama yanavyohaririwa mashairi ya Muyaka, kuzieleza tofauti kati ya rekodi moja na nyingine, na kuyaweka katika silabasi kando ya tenzi zilizotungwa katika miaka ileile. Wazee waliozicheza nyimbo hizi wakiwa vijana wanapungua kila mwaka, na santuri za zama hizo huvunjika kama sahani ya udongo.

Sanamu za Barabara ya Kenyatta zitaendelea kusimama bila majina. Wachongaji wake walifanya walichotumwa. Kuhusu Fundi Konde hakuna kisingizio hicho, kwa kuwa jina lipo, tarehe zipo, na sauti ipo. Aliyeahidiwa kukumbukwa na wanawe amewaachia kila walichohitaji ili watimize ahadi ambayo si wao waliyoitoa, lakini ambayo sasa iko mikononi mwao.